Ukuta wa Maganda ya Bahari Unaposumbua: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Mwongozo huu ni wa kikundi ambacho tayari kimekusanya maganda ya chaza na kombe kutoka jikoni na mahotelini, kimeyabandika kwenye ukuta wa shule, uzio wa zahanati au benchi la kituo cha daladala, na sasa mambo yanakwenda mrama. Malalamiko ninayoletewa kutoka Kunduchi, Msasani, Kigamboni na Mbagala, hapa Dar es Salaam, yanafanana mno. Ukuta unanuka, maganda yanadondoka, unga mweupe umeota, watoto wamejikata. Karibu yote chanzo chake ni ndoo ya kuoshea au karai la kuchanganyia, wala si mkono wa msanii.

Kwanza hakikisha umebandika kitu kinachofaa. Ganda la chaza, kombe, simbi na konokono wa baharini ni jiwe: sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya chokaa. Ganda la kamba, kaa na kamba-koche ni kitu kingine. Limejengwa kwa dutu iitwayo kitini, ambayo bakteria huila, na rangi yake nyekundu hupotea juani. Kifupa cha dome nacho ni laini, hubonyea kwa ukucha. Kama ukutani kuna vitu hivyo, usihangaike na dalili nyingine zozote kabla hujavitoa.

Dalili: ukuta unanuka na inzi hawaondoki

Nenda saa saba mchana, jua likiwa limechoma, unuse kwa karibu, sehemu moja baada ya nyingine. Harufu ikitoka sehemu chache tu, tatizo ni maganda machache. Ikitoka ukuta mzima, uoshaji wote ulikuwa wa juujuu.

Mkosaji wa kwanza ni konokono. Nyama yake hujikunja hadi ndani kabisa ya pindo ambako kijiti hakifiki, na hata akichemshwa kipande hubaki. Kabla ya kubandika, konokono afukiwe kwenye mchanga mkavu wiki kadhaa, sisimizi wamalize kazi, kisha asuuzwe na kuanikwa. Akiwa tayari yuko ukutani, mtoe. Kuziba mdomo wake kwa saruji wakati nyama imo ndani kunachelewesha tu: gesi hutafuta ufa, na ufa ukipatikana harufu hurudi.

Wa pili ni kamba na kaa niliowataja. Wa tatu ni chaza wenye vitundu. Ganda la chaza hutobolewa na viumbe wadogo wa baharini wanaoishi humo, nao hufa humo. Ukiona ganda lina matundu kama ya sindano, lichemshe dakika 10 hadi 15, kisha liloweke kwenye jiki iliyozimuliwa, sehemu moja ya jiki kwa sehemu 10 za maji, saa chache tu.

Chanzo cha mwisho, ambacho si cha kawaida lakini kimewahi kuchanganya watu, ni bomba la maji machafu au shimo la choo nyuma ya ukuta. Ukishatoa konokono wote na harufu ikabaki palepale, zunguka nyuma.

ONYO. Jiki isichanganywe na siki, limao, asidi ya betri wala dawa yoyote ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na klorini huua. Ikitokea mtu amechanganya na koo likaanza kuwasha, ondokeni wote mwende penye upepo. Msirudi kumwaga ndoo. Anayekohoa au kubanwa na kifua apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Dalili: maganda yanadondoka

Usiyatupe yaliyodondoka. Chukua moja, ligeuze, litazame mgongo na tumbo, kisha utazame pale lilipotoka. Jibu liko hapo.

*Ganda limetoka safi, halina saruji.* Saruji ilishindwa kulishika ganda. Hili ndilo la kawaida kuliko yote, na mara nyingi sababu ni hewa. Mtu amechukua kombe, akaligandamiza ukutani tumbo likiwa ndani, na ukingo pekee ndio uliogusa saruji. Katikati kuna uwazi. Unyevu huingia humo, jua hupasha, na ukingo huachia. Dawa yake ni kujaza tumbo la ganda kwa saruji kwanza, kulisawazisha kwa mwiko mdogo, kisha kuligandamiza kwenye saruji ya ukutani hadi itoke kidogo pembeni. Vijana huona kazi hii inachelewesha. Kweli inachelewesha.

Sababu ya pili ya ganda kutoka safi ni utelezi. Upande wa ndani wa chaza wenye kung'aa hauna vinyweleo vya kunywa saruji. Ukitaka upande huo ukae ndani, usugue kwa msasa mgumu au uchore mistari kwa tupa. Ya tatu ni mafuta. Maganda ya hotelini huja na siagi, vitunguu saumu na mafuta ya kukaangia. Yaoshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu jiki haiondoi mafuta.

Ya nne ni gundi. Walimu wengi hutumia ile gundi nyeupe ya mbao kwa sababu iko stoo. Inashika vizuri darasani hadi Machi. Masika yakianza, inalainika na kugeuka maziwa. Kwa ukuta wa nje tumia saruji au gundi ya vigae ya mfukoni iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi ya nje.

*Ganda limetoka na saruji yake, ukuta umebaki msafi.* Hapo ukuta ndio uliokataa. Uliza kama ulikuwa na rangi. Saruji haishiki juu ya rangi. Inashika rangi, na rangi inaachia ukuta. Hakuna njia ya mkato: chukua tindo na nyundo, gonga vidonda ukuta mzima kila baada ya sentimita chache, ondoa vumbi kwa brashi, umwagie maji, kisha upake uji mzito wa saruji kabla ya kuweka saruji ya kubandikia. Kama ukuta haukuwa na rangi, basi ulikuwa mkavu sana. Tofali kavu hunyonya maji ya saruji kabla haijakomaa.

*Saruji imekatika katikati, nusu iko kwenye ganda na nusu ukutani.* Saruji yenyewe ni dhaifu. Isugue kwa ncha ya msumari. Ikimwagika kama mchanga, tafuta moja kati ya haya: mchanga ulizidi (kwa kazi hii karai moja la saruji kwa matatu ya mchanga yanatosha, usivuke hapo), saruji ilikaa kwenye karai mchana kutwa ikawa inaongezwa maji kila inapokauka, au baada ya kubandika hakuna aliyemwagilia. Saruji haikauki ikawa ngumu, inakunywa maji ikawa ngumu. Imwagilie asubuhi na jioni siku 7, ukifunika kwa magunia mabichi. Upepo wa kusi wa Juni hadi Septemba ni msimu mzuri wa kazi hii kwa sababu mvua ni chache, lakini upepo huohuo hukausha ukuta mbele ya macho yako, na ndiyo maana magunia hayaepukiki.

Sasa gonga ukuta uliobaki kwa mpini wa mwiko. Sauti nzito ni nzuri. Sauti ya ngoma ina maana kuna uwazi nyuma. Chora duara la chaki kila penye sauti ya ngoma, ndipo uamue. Maduara madogo yaliyotawanyika unaweza kuyatengeneza mwenyewe, ganda kwa ganda.

SIMAMA UITE FUNDI MWASHI kama sauti ya ngoma imeenea eneo kubwa kuliko sinia la pilau, kwa sababu hapo lipu nzima inaachia, au kama maganda yanayolegea yako juu ya mlango, dirisha au mahali watoto wanapopanga foleni. Ganda la chaza la ukubwa wa kiganja pamoja na saruji yake likimdondokea mtu kutoka juu halitamwacha salama. Zungushia kamba leo, fundi aje kesho.

Dalili: unga mweupe umeota

Hapa ndipo Dar es Salaam inapojitofautisha na Dodoma. Hewa ina chumvi, maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi, mchanga wa karibu una chumvi, na maganda yenyewe yametoka kwenye chumvi. Ukuta wa maganda usipoota magadi mjini hapa, ujue mtu alifanya kazi ya ziada.

Lakini si kila cheupe ni chumvi. Pitisha kitambaa kibichi. Cheupe kikipotea kisha kikarudi ukuta ukikauka, ni chumvi au chokaa. Kisipopotea, kikatanuka na kunuka uvundo, ni kuvu. Kutofautisha chumvi na chokaa, kwangua unga kidogo uweke kwenye kijiko, mbali na ukuta, udondoshee siki. Ukitoa povu ni chokaa inayotoka kwenye saruji. Itapungua yenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Usipotoa povu ni chumvi, na chumvi haitaisha hadi ukate njia yake. Usidondoshee siki moja kwa moja ukutani. Ganda nalo ni kalsiamu kaboneti, litachemka na kuliwa, na utadhani umepata jibu.

Ikiwa ni chumvi, fuata mpangilio huu.

Anza na mchanga. Uliza bila aibu ulitoka wapi. Mchanga wa ufukweni haufai, hata ukisuuzwa mara moja, na kuuchota kunaharibu pwani yenyewe. Tumia wa mto au wa shimo uliochimbwa kwa kibali. Kama wa ufukweni umeshaingia ukutani, jiandae kuwa na magadi kila mwaka au kubomoa. Sijaona dawa ya tatu.

Kisha maji. Kikundi kinaweza kuosha maganda wiki nzima kwa bidii, kwa maji ya kisima yanayoacha ladha mdomoni, na kikawa kinaongeza chumvi badala ya kuitoa. Onja maji ya kisima kabla ya kuyatumia, kwa kuoshea na kwa kuchanganyia. Kama hupati maji ya bomba ya kutosha, kinga ya mvua. Maganda yaloweke siku 3 hadi 5, maji yakibadilishwa kila siku. Simbi na konokono huchukua muda zaidi kwa sababu maji hujificha ndani.

Halafu angalia unyevu wa ukuta wenyewe. Bandika kipande cha nailoni chenye ukubwa wa daftari kwenye sehemu isiyo na maganda, ziba kingo zote kwa utepe, uache siku nzima. Matone yakitokea upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje tu, ni joto na unyevu wa hewa. Maji ya ukutani hutoka chini (magadi huishia mstari ulionyooka usawa wa goti au kiuno), au juu kwenye mfereji wa bati uliotoboka, au nyuma ambako jirani amerundika udongo.

Magadi yenyewe yaondoe kwa brashi kavu na kuyazoa. Ukimwagia maji unayarudisha ndani.

Na tafadhali, usipake vanishi juu ya ukuta wenye chumvi. Najua inavutia, ukuta unang'aa siku ya uzinduzi na mgeni rasmi anapiga picha. Chumvi inayotaka kutoka ikikuta njia imezibwa hukomaa chini ya vanishi na kuisukuma pamoja na uso wa ganda. Kwa maoni yangu vanishi ndiyo imeharibu kazi nyingi zaidi za maganda kuliko mvua.

Bomba linalovuja kabla ya mita ni la DAWASA, toa taarifa. Baada ya mita ni lako na fundi bomba wako. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi ni kazi ya fundi ujenzi, na kubandua maganda hakutausaidia.

Dalili: maganda yamepauka au yanageuka unga

Pitisha ukucha. Ukitoka na unga, ganda limeharibika na halirudi, libadilishe. Ukucha ukipita bila kitu, ni rangi tu iliyopotea.

Unga husababishwa na jiki kwanza. Kulaza maganda kwenye jiki usiku mzima, siku mbili, wiki, ndiyo tabia iliyoenea. Ndani ya ganda kuna protini kidogo inayoshikamanisha madini, na jiki hula protini hiyo. Pili ni asidi: limao, siki, maji ya betri. Yanang'arisha kwa dakika moja kwa sababu yanaondoa uso wa juu. Tatu ni moto. Kuna vikundi hutandika maganda juu ya mkaa ili nyama iungue. Mabaharia na wajenzi wa pwani wanajua matumbawe yakichomwa sana hugeuka chokaa ya kujengea, na maganda yako yanaelekea kulekule. Hata moto usiofika huko huyaacha yakiwa yanavunjika kwa kidole.

Kupauka kwa jua ni jambo la kawaida. Waridi na zambarau hutangulia, kahawia na nyeupe hudumu. Panga picha yako hivyo tangu mwanzo: rangi laini zikae barazani chini ya paa, nyeupe zibebe ukuta wa juani. Kupaka mafuta ya kula ili rangi irudi ni kualika vumbi, sisimizi na harufu ya mafuta yaliyochacha.

Dalili: sanamu ina madoa ya kahawia au ufa ulionyooka

Hili ni la sanamu za kusimama: kasa, papa, jahazi, zilizojengwa kwa nondo na wavu wa kuku kisha zikafunikwa saruji na maganda.

Doa dogo la duara mara nyingi ni ncha ya waya wa kufungia iliyochomoza. Chimbua kidogo, ikate ndani, ziba. Doa refu linalofuata mstari, tena likiambatana na ufa, ni nondo inayopata kutu. Chumvi imeifikia. Chuma kikishika kutu huvimba, na kinapovimba hupasua zege kutoka ndani, kwa hiyo kuziba ufa kwa juu ni kujidanganya. Sababu kuu ni saruji nyembamba juu ya nondo. Karibu na bahari weka sentimita 4 hadi 5 kati ya chuma na hewa, na wavu usiguse uso wa nje popote.

Jaribu kuisukuma sanamu kwa mkono mmoja, polepole. SIMAMA kama inatikisika, kama ufa unaingia kadi ya benki, au kama ufa uko kwenye mguu unaobeba uzito. Weka uzio, zuia watoto kupanda, mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani, asiachiwe uamuzi wa kitu kinachoweza kumwangukia mtu. Hali kadhalika ukuta wa kuzuia udongo ukianza kuinama: usigonge chochote pale.

Dalili: kijani na weusi

Maji yanatuama au jua halifiki. Kata matawi, rekebisha mfereji, sugua kwa brashi na jiki iliyozimuliwa, suuza. Hakuna zaidi.

Dalili: mbu wameongezeka karibu na ukuta

Watu hucheka nikiuliza hili. Kombe lililobandikwa tumbo juu ni kikombe. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue na anayeuma mchana, anahitaji maji machache tu ili kutaga. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo hakuna mzaha.

Siku moja baada ya mvua, tembea na tochi ukitafuta maji kwenye kila ganda. Dawa ya haraka ni kumwaga na kukausha. Dawa ya kudumu ni kujaza tumbo la ganda kwa saruji yenye mteremko, au kutoboa tundu chini yake. Konokono waelekezwe mdomo chini. Maganda yaliyorundikwa uwanjani yakisubiri kubandikwa ndiyo mabaya zaidi, hivyo yahifadhiwe kwenye viroba chini ya paa.

Dalili: watu wanajikata

Pitisha soksi kuukuu ya nailoni juu ya ukuta mzima. Popote inaponasa, mkono wa mtoto utanasa. Nasa chache zisawazishwe kwa tupa. Nasa nyingi zina maana maganda yalivunjwa kwa nyundo na vipande kubandikwa kingo zikiwa nje, na hapo safu nyingine ya saruji kati ya vipande inahitajika, hadi ifike usawa wa kingo. Chini ya urefu wa mtu mzima tumia maganda mazima na laini. Yenye miiba panda nayo juu.

Anayekata au kusaga maganda kwa grainda avae miwani, glavu na barakoa ya vumbi, na kazi ifanyike kwa kumwagia maji. Vumbi la ganda na la saruji huumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Lakini maji na umeme haviketi pamoja: kama grainda yako haikutengenezwa kwa kazi ya majimaji, achana nayo, tumia tupa na msasa mbichi kwa mkono. Saruji mbichi nayo inachoma ngozi polepole bila mtu kujua. Mtoto asiishike bila glavu.

Jeraha la ganda lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, hata likiwa dogo. Mtu ambaye hakumbuki chanjo yake ya pepopunda aende zahanati siku hiyo. Jeraha likivimba kwa kasi, likawa jekundu au jeusi, likatoa malengelenge au mtu akapata homa, aende hospitali bila kusubiri asubuhi: kuna bakteria wa maji ya bahari yenye joto wanaokula nyama ndani ya saa chache, na wenye kisukari au ugonjwa wa ini wako hatarini zaidi.

Dalili: maganda hayatoshi, kikundi kinataka kwenda kuokota

Angalia kwanza jikoni. Ongea na mama lishe, na wapishi wa hoteli za Masaki na Kunduchi, na wanaosafisha samaki pale Feri, Kivukoni. Acha kiroba chenye mfuniko na urudi siku mnayokubaliana. Wengi wanaacha kukutunzia kwa sababu hukurudi, wala si kwa roho mbaya. "Shikamoo mama, nimekuja kuchukua yale maganda," basi.

Kuokota wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, kuna mipaka. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, hakuna kuchukua kitu. Makombe makubwa ya jamii ya Tridacna yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Na asiguse mtu konokono hai mwenye umbo la pia, mpana juu na mwembamba chini: ana mwiba wa sumu, na baadhi ya aina zake zimeua watu. Aliyechomwa akimbizwe hospitali hata kama hasikii maumivu.

Simbi zinazong'aa zinazouzwa kwa watalii usizinunue. Mng'ao ule kwa kawaida ni wa mnyama aliyechukuliwa akiwa hai, na kazi yetu ni kutumia kilichokwisha liwa.

Dalili: watu wanabandua, au ukuta umepigwa alama ya X

Kubandua ni jambo la zamani. Makaburi ya kale ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani za kauri zilizopachikwa kwenye chokaa, na sehemu kadhaa zimebaki mashimo yake tu. Kinachovutia na kufikika kitachukuliwa. Simbi na maganda yenye lulu yazamishwe nusu ya unene wake kwenye saruji, juu ya usawa wa mkono. Pia jiulize nani aliulizwa kabla ya kazi. Ukuta uliochorwa na kikundi kutoka mtaa wa pili, bila vijana wa kijiwe kilicho mbele yake kushika mwiko, hubanduliwa haraka.

Alama nyekundu ya X, ishara kwamba ukuta unatakiwa kubomolewa, ni shauri jingine. Angalia kama ukuta uko kwenye hifadhi ya barabara, ya TANROADS au ya TARURA, au ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inasaidia kukaa na jirani, haiondoi X. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata, kisha manispaa, ukiwa na picha na barua, kabla ya siku iliyoandikwa. Usijaribu kufuta alama.

Kama kuna shaka yoyote kuhusu ardhi, usibandike ukutani tangu mwanzo. Mimina vibao vya zege vya sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 4, ubandike maganda vikiwa vimelala chini kivulini, kisha uvifunge ukutani kwa bolti za chuma kisichoshika kutu. Kibao kimoja kina kilo 35 hivi kabla ya maganda, kwa hiyo kibebwe na watu wawili, na tundu za bolti zipigwe na fundi anayejua kama ukuta ni wa tofali la zege au la udongo. X ikija, mnafungua bolti.